Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na Waziri wa TAMISEMI: mgonjwa wa figo apimwe na atibiwe kabla hajafikishwa kwenye mashine

Waheshimiwa Mawaziri,

Nawaandikia nikiwa muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu katika mojawapo ya hospitali zetu za rufaa za mikoa. Nakala ya barua hii naielekeza kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa Bohari ya Dawa na kwa Kamati ya Bunge inayosimamia masuala ya afya, kwa sababu jambo ninaloliomba haliwezi kutekelezwa na ofisi moja. Naomba kwamba kila mtu mzima anayehudhuria kliniki ya kisukari au ya presha hapa nchini, hata kama kliniki hiyo iko katika kituo cha afya cha kata, apimwe mkojo na damu kwa ajili ya figo angalau mara moja kwa mwaka, na akionekana na dalili za awali aanzishiwe hapohapo dawa ambazo utafiti wa miaka ya karibuni umethibitisha kuwa zinauchelewesha ugonjwa huo. Mengine yote nitakayoyasema yanaegemea ombi hilo.

Yaliyokwisha kufanyika ni makubwa na nayatambua. Kabla ya mwishoni mwa mwaka 2017, Mtanzania aliyehitaji kupandikizwa figo alilazimika kusafiri nje ya nchi, mara nyingi India, akiongozana na ndugu wa kumchangia. Novemba ya mwaka huo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza nchini ikishirikiana na madaktari kutoka India, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata kwa msaada wa wataalamu kutoka Japani. Huduma ya kusafisha damu, ambayo zamani ilipatikana katika miji michache mno, imesogezwa hadi kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na kazi ninayoifanya leo imetokana na uamuzi huo. Nawahudumia watu ambao wasingekuwa hai kama mashine zile zisingeletwa, na siandiki hata neno moja kwa nia ya kuzipunguzia thamani.

Kinachonisukuma kuandika ni hali ambayo wagonjwa wapya wanatufikia nayo. Wengi hatuletewi na kliniki, bali na idara ya dharura, na mara nyingi ni usiku. Mgonjwa anakuja amevimba uso na miguu, hawezi kulala chali kwa sababu maji yamejaa kwenye mapafu, ana kwikwi isiyokatika, na majibu ya damu yanaonyesha potasiamu imepanda kiasi cha kuutishia moyo. Hapo hakuna nafasi ya kumshauri wala kumwandaa. Anawekewa mrija wa shingoni usiku uleule na kuunganishwa kwenye mashine huku ndugu zake wakiwa nje ya mlango, hawajaelewa kwamba jambo hilo litarudiwa kila wiki kwa maisha yake yote.

Hivi karibuni nilikabidhiwa kadi ya kliniki ya mmoja wa wagonjwa hao, mwalimu mstaafu, iliyokuwa imehifadhiwa vizuri ndani ya bahasha ya kaki. Mwezi kwa mwezi, kwa miandiko tofauti ya wauguzi waliopokezana, palikuwa na tarehe, uzito, presha na sukari, na pembeni dawa alizopewa. Hakuwa mtoro, alikuwa ni mgonjwa wa aina ambayo kila kliniki ingependa kuwa naye. Nilipekua kurasa zote nikitafuta kipimo cha protini kwenye mkojo au cha kreatini (creatinine), taka ya misuli ambayo figo huiondoa kwenye damu, na sikukiona hata kimoja. Wenzangu waliomhudumia siwalaumu, kwa kuwa walijaza kila walichotakiwa kujaza. Kwenye kadi ile hapakuwa na safu ya figo, na pengine kwenye maabara yao hapakuwa na vitendanishi, yaani dawa za kupimia.

Wapo watakaosema kwamba huyo ni mgonjwa mmoja. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa wagonjwa 369 wa kisukari wanaohudhuria kliniki ya nje: 309 kati yao, yaani asilimia 83.7, walikutwa na dalili za ugonjwa sugu wa figo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua. Hata tukiipunguza idadi hiyo, kwa kuwa kanuni hutaka kipimo kirudiwe baada ya miezi 3 ili kuthibitisha, bado tunabaki na kliniki nzima ya watu wanaohudhuria, wanaomeza dawa, wanaopimwa sukari, na ambao hawajawahi kuelezwa habari za figo zao. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2015, ulifuata watu majumbani mwao mkoani Kilimanjaro badala ya kuwasubiri hospitalini. Ulikuta ugonjwa huu kwa asilimia 7 ya watu wazima, lakini mjini ulifikia asilimia 15.2 wakati vijijini ulikuwa asilimia 2, na waliokuwa wanajifahamu kuwa wanaumwa walikuwa kama mmoja tu katika kila kumi. Jambo la kushtua zaidi katika utafiti huo ni kwamba karibu nusu ya waliokutwa na ugonjwa hawakuwa na kisukari, wala presha, wala virusi vya UKIMWI. Nitalirudia hilo baadaye, kwa sababu maana yake ni kwamba hata ombi langu likikubaliwa lote, bado litawaacha wengi nje.

Figo haiumi inapoharibika. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na vingine vinapokufa vilivyobaki hubeba mzigo wa wenzao kwa miaka mingi bila mtu kuhisi chochote. Anapoanza kuvimba, kukosa hamu ya kula au kuishiwa damu, sehemu kubwa ya uwezo imekwisha kupotea na haitarudi. Protini inayovuja kwenye mkojo, kwa upande wake, huonekana miaka kadhaa kabla ya hapo, na kijiti cha kuipima hutumbukizwa kwenye kikombe cha mkojo na kutoa majibu kwa dakika chache. Wajawazito wetu hupimwa mkojo kliniki, kwa hiyo kipimo hiki si kigeni katika vituo vyetu, na mikono ya kukifanya tunayo.

Sasa, Waheshimiwa, kwa nini nalisema hili leo na si miaka 10 iliyopita? Kwa muda mrefu daktari aliyemgundua mgonjwa mapema hakuwa na mengi ya kumpa. Zilikuwapo dawa za presha za jamii ya kaptoprili na losatani, ambazo tangu miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zilijulikana kuwa zinapunguza uvujaji wa protini na kuchelewesha uharibifu, na baada ya hapo zikapita karibu miaka 20 bila jambo kubwa jipya. Ukimya huo ulivunjika mwaka 2019 na 2020. Dawa za kundi la SGLT2, ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya kushusha sukari kwa kuitoa kupitia mkojo, zilionekana kushusha pia msukumo wa damu ndani ya vichujio vya figo na hivyo kuviongezea maisha. Katika utafiti wa dapagliflozini, mojawapo ya dawa hizo, uliohusisha wagonjwa 4,304, hatari ya figo kuporomoka, au ya mgonjwa kufa kwa ugonjwa wa figo au wa moyo, ilipungua kwa asilimia 39, na kamati huru iliyokuwa ikiusimamia ilishauri usitishwe kabla ya muda wake kwa kuwa faida ilikuwa imekwisha kudhihirika. Kwa kila wagonjwa 19 waliotibiwa kwa muda wa karibu miaka miwili na nusu, mmoja aliepushwa na mojawapo ya balaa hizo. Karibu theluthi moja ya walioshiriki hawakuwa na kisukari kabisa. Utafiti wa empagliflozini, dawa nyingine ya kundi hilo, wa wagonjwa 6,609, uliochapishwa mwaka 2023, ulithibitisha mwelekeo huohuo kwa punguzo la asilimia 28.

Mwongozo wa mwaka 2024 wa KDIGO, taasisi ya kimataifa inayoandaa miongozo ya matibabu ya figo, umeziweka dawa hizi katika msingi wa matibabu ya ugonjwa sugu wa figo, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya kisukari tangu mwaka 2021. Zimefuata nyingine. Mei 2024 yalitolewa matokeo ya sindano ya semaglutidi kwa wagonjwa 3,533 wenye kisukari na ugonjwa wa figo, ambayo ilipunguza hatari ya matukio makubwa ya figo na vifo vya moyo kwa asilimia 24, na mwaka 2025 ikaonekana kwamba kuanzisha finerenoni, kidonge cha kundi jingine, na empagliflozini kwa pamoja hupunguza uvujaji wa protini zaidi ya kutumia moja peke yake. Sindano ile bado ni ghali mno kwetu na siombi inunuliwe kwa wote leo. Naomba kidonge cha SGLT2.

Kidonge sasa kinanunulika, na hapa ndipo ninapoona kwamba tumechelewa bila sababu. Hataza ya dapagliflozini, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, iliisha nchini India miaka kadhaa iliyopita, na ya empagliflozini ikaisha Machi 2025. Mara tu baada ya hapo viwanda vya India vilitoa matoleo yao, na bei ya kidonge ikashuka hadi kufikia takriban sehemu ya kumi ya bei ya awali. Sehemu kubwa ya dawa tunazotumia Tanzania hutoka nchi hiyohiyo. Bohari ya Dawa ikinunua kwa wingi, kwa zabuni ya nchi nzima au kwa kuungana na nchi jirani, bei hiyo itatufikia. Isiponunua, dawa itaendelea kupatikana katika famasi chache za mijini kwa mwenye fedha yake mkononi, na mgonjwa wa Mpanda au wa Masasi ataisikia tu kwenye redio.

Tuitazame hesabu hiyo kwa upande wa pili. Kusafisha damu inavyotakiwa ni mara tatu kwa wiki, yaani vikao 156 kwa mwaka. Ukichukua shilingi laki mbili kwa kikao, ambacho ni kiwango kisicho kigeni kwa anayelipa taslimu, unapata shilingi milioni 31.2 kwa mgonjwa mmoja, kabla hujaongeza sindano za kuongeza damu, madini ya chuma, vipimo na nauli. Hakuna familia ya mkulima wala ya mwalimu inayoweza kubeba hilo. Ndiyo maana wengi wasio na bima huja mara mbili, kisha mara moja, kisha wanakuja wakizidiwa tu, kila mara wakiwa wameuza kitu kingine. Nimemwona mtu akipanda kwenye mzani wetu na kukutwa ameongezeka kilo sita za maji tangu kikao kilichopita, akaomba zitolewe zote siku ileile kwa kuwa hakujua kikao kijacho atakilipia lini. Haziwezi kutolewa zote salama, kwa kuwa presha huanguka na misuli hukakamaa kwa maumivu makali. Tulimtolea tulichoweza, akarudi nyumbani na masharti ya kunywa maji yasiyozidi vikombe viwili kwa siku, katika mji ambao joto lake mnalijua.

Kwa hawa walio tayari kwenye mashine naomba jambo moja ambalo halihitaji fedha nyingi. Mgonjwa anayefuatiliwa mapema huandaliwa mshipa wa mkononi kwa upasuaji mdogo, miezi kadhaa kabla ya kuhitaji mashine, na mshipa huo humtumikia kwa miaka. Anayefika usiku kwa dharura huishi na mrija wa shingoni, na mrija huo ni mlango wa vijidudu kuingia moja kwa moja kwenye damu. Homa na tetemeko la mwili linaloanza katikati ya kikao, mgonjwa akiomba blanketi la pili na la tatu, ni jambo ambalo wauguzi wote wa vitengo hivi wanalifahamu na kuliogopa. Madaktari wa upasuaji wa mikoa wafundishwe kuandaa mishipa hiyo na wapangiwe siku maalumu za kuifanya, ili mgonjwa asilazimike kusubiri nafasi ya Dar es Salaam au Dodoma.

Niongeze pia kwamba si kila figo iliyosimama imekufa. Mama aliyepata kifafa cha mimba na kutokwa damu nyingi, mtoto mwenye malaria kali, mtu aliyeharisha hadi kuishiwa maji, figo zao zinaweza kuamka baada ya wiki mbili au tatu kama watavushwa salama katika kipindi hicho. Hospitali ya KCMC ya Moshi ilikwisha kuonyesha, zaidi ya miaka 10 iliyopita, kwamba kusafisha damu kwa njia ya tumbo kunawezekana katika mazingira yetu na kunaokoa wagonjwa wa aina hiyo, bila mashine kubwa na bila mtambo wa kuchuja maji. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 unaikubali njia hiyo kwa figo zilizosimama ghafla, katika mazingira yote, na hata unaruhusu maji ya dawa yaandaliwe hospitalini pale ambapo yale ya kiwandani hayapatikani. Ujuzi huo ulipaswa kuwa umesambaa katika mikoa yote. Mtoto hapaswi kufia ndani ya gari la wagonjwa njiani kuelekea kwenye mashine wakati njia hiyo ipo.

Kuhusu kipimo chenyewe, naomba wataalamu wenu wa maabara wausome kwa makini utafiti uliofanywa Malawi, Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2022. Watafiti walipima uwezo halisi wa figo kwa kuchoma sindano ya dawa maalumu na kufuatilia jinsi mwili unavyoiondoa, kisha wakalinganisha na makadirio tunayoyapata kwa kreatini. Waligundua kwamba kreatini huzisifia figo kupita hali yake halisi, na kwamba tatizo katika jamii huenda ni kubwa mara mbili hadi tatu ya tunavyodhani. Sababu mojawapo inaeleweka: kreatini hutokana na misuli, na mtu aliyekonda kwa lishe duni au kwa maradhi hutengeneza kidogo, kwa hiyo majibu yake husomeka mazuri hata figo zikiwa taabani. Ndiyo maana nasisitiza mkojo na damu kwa pamoja. Mganga akipewa namba ya kreatini peke yake, atawarudisha nyumbani watu wembamba na wazee wakiwa wameambiwa kuwa wako salama.

Dawa bila mafunzo nazo hazitatosha. Losatani na hizi za SGLT2 huweza kupandisha kreatini kidogo katika wiki za mwanzo, na mganga asiyeelewa husitisha dawa akidhani inaua figo, wakati kwa losatani mwongozo unasema iendelee isipokuwa kreatini imepanda kwa zaidi ya asilimia 30 ndani ya wiki nne. Mgonjwa naye lazima aelezwe kusimamisha dawa za SGLT2 kwa muda anapotapika, anapoharisha au anapokaa bila kula, na anayekusudia kufunga Ramadhani aonane na mhudumu wake mapema. Anaweza kupata fangasi sehemu za siri, na kama hakuambiwa atakiacha kidonge kimyakimya kwa aibu. Haya yote yanafundishika kwa siku chache, na Chama cha Madaktari wa Figo Tanzania, NESOT, kina watu wa kuyafundisha.

Narudi kwa wale wasio na kisukari wala presha, ambao utafiti wa Kilimanjaro uliwakuta kuwa karibu nusu ya wagonjwa. Sababu zao hazijafahamika vya kutosha, lakini moja tunaiona kila siku: dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, ambazo mtu mwenye mgongo au magoti hununua katika duka la dawa bila cheti na kumeza kwa miezi, wakati mwingine akichanganya na mizizi aliyopewa na mganga wa kienyeji. Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu hupewa mafunzo kabla ya kusajiliwa. Swali moja tu liongezwe katika mafunzo hayo, kwamba kabla ya kuuza dawa hizi mteja aulizwe kama ana presha, kisukari au figo. Jambo la pili ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwapata na kuwafundisha wahudumu 137,294. Mhudumu akiwa na mashine ya presha na vijiti vya mkojo ndani ya mkoba wake, atawafikia watu ambao hawana sababu nyingine ya kwenda kliniki.

Najua kwamba yapo mambo makubwa zaidi yanayovuta macho. Machi 2024 madaktari wa Boston walimpandikiza mtu aliye hai figo ya nguruwe aliyebadilishwa vinasaba. Alifariki miezi miwili baadaye, na mwingine aliyepandikizwa katika hospitali hiyohiyo Januari 2025 aliishi nayo kwa siku 271 kabla ya kuondolewa. Ipo pia dawa ya inaksaplini, ambayo katika majaribio ya awali yaliyochapishwa mwaka 2023 ilipunguza uvujaji wa protini kwa asilimia 47.6 kwa watu wenye aina fulani ya kinasaba cha APOL1, aina zilizoenea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi na ambazo zilishamiri kwa sababu huwakinga na malale. Nayafuatilia haya kwa furaha ya kweli. Lakini ili siku moja tujue kama dawa ya namna hiyo inatuhusu, ni lazima kwanza tujue wagonjwa wetu ni nani, wako wapi na figo zao zimeharibiwa na nini. Tunahitaji rejista ya taifa inayomhesabu mgonjwa tangu anapogunduliwa kliniki, na si pale tu anapolala kwenye kitanda cha kitengo changu.

Mei 2025 Mkutano wa Afya Duniani uliofanyika Geneva ulipitisha azimio la kwanza kabisa kuhusu afya ya figo, lililopelekwa na Guatemala, likizitaka nchi wanachama ziingize kinga, ugunduzi wa mapema na matibabu ya figo katika mipango yao ya magonjwa yasiyoambukiza. Mwezi huohuo, mjini humohumo, Profesa Mohamed Janabi, ambaye amewahi kuiongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Muhimbili, alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Kanda ya Afrika wa Shirika la Afya Duniani. Nchi iliyotoa kiongozi huyo ina nafasi nzuri ya kuwa mfano katika kulitekeleza azimio hilo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imewapa nyenzo. Kitita cha mafao ndicho kinachoamua kama mganga wa kituo cha afya ataagiza kipimo au atakiacha, kwa sababu asichorudishiwa fedha yake hawezi kuendelea kukifanya. Naomba kipimo cha albumini (aina ya protini) kwenye mkojo, kreatini, losatani na angalau dawa moja ya SGLT2 viwemo katika kitita hicho kuanzia ngazi ya kituo cha afya, bila sharti la rufaa na bila kusubiri saini ya daktari bingwa, kwa kuwa mabingwa wa figo nchini ni wachache na wamejazana katika miji mikubwa. Najua mtaniuliza fedha itoke wapi. Jibu langu ni kwamba bima itakayokataa kulipia kidonge leo ndiyo itakayodaiwa vikao 156 kwa mwaka kesho, na mgonjwa huyo atakaa kwenye kitabu chake mpaka afe au apandikizwe.

Ugumu ninaouona ni wa vitendanishi zaidi kuliko wa mashine za maabara. Mashine nyingi zipo. Kinachokwisha ni dawa za kupimia, na zikishaisha mgonjwa huandikiwa aende maabara binafsi, naye huenda nyumbani. Kwa hiyo naomba vijiti vya mkojo na vitendanishi vya kreatini viwekwe kwenye orodha ya bidhaa ambazo Bohari ya Dawa hairuhusiwi kupungukiwa, kama inavyofanywa kwa vipimo vya malaria na VVU.

Bajeti za wizara zenu husomwa Dodoma kila mwaka kati ya Aprili na Juni. Kabla ya hapo, waraka mmoja wenye saini zenu wote wawili unaweza kutumwa kwa Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya, ukiagiza safu mbili ziongezwe kwenye kadi ya kila mgonjwa wa kisukari na presha, moja ya mkojo na nyingine ya kreatini, na ukitaka takwimu za safu hizo zipelekwe wizarani kila robo mwaka pamoja na zile za presha na sukari. Kadi zikichelewa kuchapishwa, wauguzi wa kliniki wanaweza kuzipiga mistari hiyo kwa kalamu na rula wiki hiihii.

Naomba kuwasilisha.

Muuguzi, kitengo cha kusafisha damu,
hospitali ya rufaa ya mkoa